Betri Ndogo, Lori Kubwa: Historia Fupi ya Haibridi Inayogoma

Haya ndugu zangu, leo tuiweke siasa pembeni kidogo, tuzungumze malori. Najua kuna atakayeguna kwamba huyu naye kaishiwa habari. Sijaishiwa. Ndani ya lori kuna historia ya dunia nzima, na safari hii historia hiyo inaweza kumwokolea mtu mamilioni ya shilingi.

Chukua lori la haibridi, yaani lile linalotumia injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme. Lina betri kubwa yenye volti mia mbili, mia tatu. Tangi limejaa. Asubuhi dereva anawasha, kimya. Au linaamka nusu nusu: taa zote za dashibodi zinawaka kama ukumbi wa harusi, skrini inaandika kwamba programu imeshindwa kusasishwa, na lori halisogei. Mwenye mali anaambiwa betri kubwa imekufa, aanze kutafuta hela. Mzigo umelala, mwenye mzigo anapiga simu kila baada ya dakika kumi, na rejesho la mkopo linasubiri mwisho wa mwezi kama kawaida yake.

Hoja yangu leo ni moja tu. Lori la haibridi ni kama nyumba ya kurithi: kila kizazi kimeongeza chumba chake, na hakuna aliyebomoa vya zamani. Likigoma, wengi wetu tunakimbilia chumba kipya, kile cha kompyuta na betri ya bei mbaya. Mimi nasema tuanzie chumba cha kwanza kujengwa, tusonge mbele kwa kufuata miaka. Mara nyingi tatizo litaonekana kabla hatujafika sebuleni.

Chumba cha kwanza kilijengwa mwaka 1859. Mfaransa Gaston Planté alichukua mabamba ya risasi, akayatumbukiza kwenye tindikali ya salfa, akapata betri ya kwanza inayoweza kuchajiwa tena na tena. Mwaka 1881 Mfaransa mwenzake, Camille Faure, aliiboresha kwa kuyapaka mabamba hayo uji mzito wa oksidi ya risasi ili yabebe umeme mwingi zaidi, na hapo betri hiyo ikawa bidhaa ya kiwandani. Sasa nenda kafungue boneti ya gari lolote mtaani kwenu. Ile betri ambayo fundi huiongezea maji ni mjukuu halali wa Planté. Risasi ileile, tindikali ileile. Dunia imebadili kila kitu ndani ya gari, lakini betri hii bado ipo, na ndani ya haibridi nyingi pia ipo. Wengi hawalijui hilo. Wanadhani gari lenye betri kubwa halihitaji ndogo.

Kabla sijaeleza inafanya nini humo, tumalize kwanza habari ya haibridi yenyewe, maana kuna watu wanaamini ilizaliwa Japani miaka ya 1990. Hapana. Ferdinand Porsche (ndiyo, huyo huyo wa magari ya kifahari) alikuwa kijana wa miaka 25 hivi, ameajiriwa na kampuni ya Jacob Lohner, watengenezaji maarufu wa magari ya farasi huko Vienna. Mwaka 1900 walionyesha jijini Paris gari la umeme lenye mota ndani ya magurudumu yake. Lilikuwa zuri, ila betri za risasi zilikuwa nzito kupita kiasi na haziendi mbali. Porsche akapunguza betri, akaweka injini za petroli za kuzungusha majenereta yanayotoa umeme njiani. Gari hilo akaliita Semper Vivus, Kilatini chenye maana ya "hai daima". Jina la matumaini hasa kwa chombo cha moto!

Waingereza nao hawakulala. Kampuni ya Tilling-Stevens ya mji wa Maidstone ilitengeneza mabasi na malori ambayo injini yake ya petroli ilizungusha jenereta, jenereta ikalisha mota, mota ikasukuma magurudumu. Hayakuwa na giaboksi. Sababu inachekesha kidogo: madereva wengi wa wakati huo walikuwa wametoka kuendesha mabasi ya farasi, na kubadili gia kwao kulikuwa mtihani. Umeme ukawarahisishia kazi. Kule Chicago kampuni ya Woods ikatoa gari lake la petroli na umeme mwaka 1916, kwa bei ya dola 2,650, wakati Ford ya Model T ilikuwa ikiuzwa kwa mamia machache ya dola.

Hapo ndipo inapokuja kejeli kubwa ya hadithi hii. Magari ya umeme na ndugu zake wa mseto yalikuwa na silaha moja dhidi ya petroli: huhitaji kuyawasha kwa mkono. Injini ya petroli ya enzi zile iliwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele ya gari, na hendeli ikirudi kwa nguvu ilivunja mkono. Kisha akaja Mmarekani Charles Kettering wa Dayton, Ohio. Stata yake ya umeme iliwekwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Kazi ya hendeli ikafanywa na betri ndogo ya risasi. Ndani ya miaka michache petroli ilikuwa rahisi kuwasha, rahisi kununua, na mafuta yalikuwa ya kumwaga. Betri kubwa zikatoka barabarani. Kwa maneno mengine, aliyesaidia kuiua betri kubwa mara ya kwanza ni betri ndogo. Shika hapo, tutarudi.

Zikapita zaidi ya miaka 50 za kimya. Betri ya gari ilibaki ya volti 6, na miaka ya 1950 Wamarekani wakahamia volti 12 kwa sababu injini zilikuwa zimekua na zilihitaji nguvu zaidi kuamshwa. Malori mengi makubwa yakatumia volti 24, ndiyo maana ukifungua sanduku la betri la lori unakuta mbili zimeunganishwa. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapaa. Mhandisi Victor Wouk, ndugu wa mwandishi wa riwaya Herman Wouk, alilifumua gari aina ya Buick Skylark akaligeuza kuwa haibridi, na mwaka 1974 likapimwa na wakala wa mazingira wa serikali ya Marekani. Liliungua mafuta kidogo na kutoa moshi kidogo. Serikali haikulichukua. Mwaka 1976 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kugharimia utafiti wa magari ya umeme na haibridi, Rais Gerald Ford akaikataa, Bunge likaipitisha juu ya kichwa chake. Lakini mafuta yakashuka bei, na watu wakasahau. Binadamu ndivyo tulivyo.

Kilichokosekana kwa Wouk hakikuwa akili. Mashine mbili ndani ya gari moja zinahitaji mwamuzi wa tatu, anayesema sasa isukume petroli, sasa usukume umeme, sasa rudisha nguvu ya breki kwenye betri. Na aseme hivyo mara nyingi kwa kila sekunde. Mwamuzi huyo ni kompyuta, nayo ilikuwa ikiingia kwenye magari taratibu kwa mlango mwingine. Mwaka 1968 Volkswagen iliuza Marekani gari ambalo mafuta yake yanapimwa kielektroniki. Mwaka 1977 Oldsmobile Toronado ikapata kompyuta ndogo ya kupanga wakati wa cheche. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza mfumo wa CAN, ambao unaziwezesha kompyuta za gari kuongea zenyewe kwa zenyewe kupitia jozi moja ya nyaya. Mwaka 1996 Marekani ikalazimisha kila gari jipya dogo liwe na soketi moja ya kawaida chini ya usukani, ili fundi yeyote achomeke kifaa na kusoma ugonjwa. Soketi hiyo ya OBD-II ndiyo ambayo mafundi wetu leo wanachomeka kile kidude cha kusoma makosa.

Japani ndiko vyumba vyote vilikutana. Hino ilitangulia mwaka 1991 kwa basi la dizeli na umeme lililoitwa HIMR, likitumia betri za risasi zilezile za Planté. Kisha Toyota ikamkabidhi mhandisi Takeshi Uchiyamada mradi uliokuja kuitwa Prius. Mwishoni mwa 1995 gari la kwanza la majaribio lilikuwa tayari, wakaliwasha. Halikusogea. Lilikaa hivyo zaidi ya mwezi mmoja huku wahandisi bora wa nchi ile wakisaka matatizo ya programu na ya umeme. Lilipokubali kwenda, lilikwenda mita mia chache likasimama tena. Betri nayo ilikuwa inazira: ikiona joto inajizima, ikiona baridi inajizima. Wakubwa wa kampuni walipopelekwa kulijaribu, mhandisi mmoja alikaa kiti cha pembeni na kompyuta ya mapajani, akiangalia joto la betri lisije likawaka moto. Desemba 1997 Prius ikaanza kuuzwa. Kwa hiyo ndugu yangu ambaye haibridi yako imekugomea, usijione una mkosi. Wewe na Toyota mmepita njia moja.

Kutoka hapo malori yakafuata haraka. Hino Dutro ya haibridi ilitoka Japani mwaka 2003, Isuzu Elf mwaka 2005, na mwaka 2006 ikaja Canter ya haibridi, ndugu wa Canter hizi tunazozijua kwa kubeba mchanga, ndizi na maharusi. Marekani, General Motors ilitoa pikapu ya Silverado ya haibridi kuanzia 2004, na amini usiamini, betri yake ya volti 42 iliyokaa chini ya kiti cha nyuma ilikuwa ya risasi. Ilikuwa na soketi za umeme za kuchomeka vifaa vya fundi. Wazo hilo lilikomaa kwenye Ford F-150 ya haibridi ya toleo la 2021, yenye betri ya lithiamu na uwezo wa kutoa hadi kilowati 7.2 kwenye soketi zake. Februari mwaka huohuo baridi kali iliangusha umeme katika jimbo la Texas, na mamilioni ya watu wakabaki gizani. Wenye pikapu hizo wakawasha taa na majokofu ya nyumbani kwa gari, na Ford ikawaomba mawakala wake wa Texas wawaazime watu zile zilizokuwa bado hazijauzwa. Semper Vivus hatimaye ilikuwa imestahili jina lake.

Sasa turudi kwa betri ndogo, maana niliahidi.

Betri kubwa ya haibridi inaweza kuua mtu. Kwa hiyo gari likizimwa, betri hiyo hutengwa na mfumo wote kwa swichi za sumaku, yaani relei. Ili relei zifunge na umeme mkubwa upite, kompyuta lazima ziamke kwanza na zikubaliane kwamba kila kitu ni salama. Kompyuta hizo na relei hizo zinaishi kwa umeme wa volti 12. Unaona mtego ulipo? Katika haibridi kama Prius hata injini ya mafuta inaamshwa na umeme wa betri kubwa. Betri ndogo ikifa, ile kubwa haifunguki. Kubwa isipofunguka, injini haiamki. Ni sawa na tajiri aliyefungiwa nje ya benki yake kwa sababu mlinzi amelala na funguo. Na kulisukuma haisaidii, tafadhali msijichoshe.

Na betri ndogo inakufa kwa urahisi kuliko unavyodhani. Haibridi nyingi hazina alteneta ya kawaida. Betri ndogo huchajiwa na kifaa kinachopunguza volti za ile kubwa, na kifaa hicho hufanya kazi pale tu gari lilipo tayari kwenda, siyo pale ulipowasha redio ukakaa kumsubiri mtu. Gari likikaa wiki kadhaa melini kutoka Japani, halafu likakaa tena bandarini Dar au Mombasa, kompyuta zake zinaendelea kunyonya kidogo kidogo. Likifika kwa mnunuzi linawaka taa kumi. Mnunuzi anasema kauziwa gari bovu.

Hapo ongeza programu. Magari ya kisasa yameugua programu kama sisi tunavyougua malaria. Mwaka 2005 Toyota iliwaita wenye Prius wapatao 75,000 Marekani kwa sababu kosa la programu lingeweza kulizima gari njiani. Mwaka 2010 iliita tena haibridi zaidi ya 400,000 duniani, Prius zikiwemo, kwa programu ya breki. Mwaka 2014 ikawa milioni 1.9, kwa sababu programu ya inveta ilikuwa inaweza kuunguza vipuri vya ndani. Zamani ulipeleka gari kwa wakala. Tesla Model S, iliyoanza kuuzwa 2012, ndiyo iliyoizoesha dunia gari linalosasishwa kwa mtandao likiwa limeegeshwa nyumbani, na kampuni nyingine zikaiga, pikapu zikiwemo.

Sasa fikiri: programu nyingi nzito huandikwa gari likiwa limezimwa, kompyuta zikiwa macho, na wa kuzilisha ni betri ndogo. Volti zikishuka katikati, kompyuta inaweza kubaki na nusu ya programu ya zamani na nusu ya mpya, na hapo imekuwa tofali. Ndiyo maana gari lenye akili hukagua betri kwanza na kukataa kuanza ikiwa imechoka. Wewe unaona ujumbe "sasisho limeshindikana" leo, kesho, keshokutwa, unailaumu programu na kampuni. Kumbe anayekataa ni mzee Planté.

Basi hii hapa ripoti yangu ya kufuata miaka. Kwanza 1859: pima betri ndogo kwa mita, gari likiwa limelala saa kadhaa. Volti 12.6 imejaa, 12.2 ipo nusu, chini ya 12 haina kitu. Kwenye lori la volti 24 pima kila moja peke yake, kwa sababu moja mbovu huiangusha mwenzake. Kisha 1912: kagua vichwa vya betri, waya wa kwenda kwenye bodi, kutu na kulegea. Gari likiwa tayari kwenda, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi, isipofika, hakuna anayeichaji. Halafu 1996: chomeka kifaa, andika makosa yote, yafute, endesha, usome tena. Volti zikiwa chini kompyuta husingiziana makosa, kwa hiyo yanayorudi baada ya betri kupona ndiyo ya kuaminika. Halafu 1997: kabla ya kuihukumu betri kubwa, angalia njia ya hewa ya kuipoza. Kwa vumbi letu, feni na kichujio chake huziba mapema. Mwisho kabisa 2012: ndipo uguse programu, chaja ikiwa imeunganishwa kwenye betri ndogo mwanzo hadi mwisho. Na nyaya za rangi ya machungwa usiziguse kama hukusomea. Hizo hazina msamaha.

Naona kuna jambo kubwa zaidi ya betri hapa. Kila chumba kilichoongezwa kwenye nyumba hii kilikuja na swali la nani ana ufunguo. Betri ya Planté alikuwa anaielewa fundi yeyote. Soketi ya 1996 ilikuwa sheria, ndiyo maana kidude cha bei ndogo kinaweza kuisoma. Lakini programu inayosafiri kwa mtandao kutoka kiwandani inaweza kumwacha fundi nje kabisa. Wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliliona hilo. Mwaka 2012 walipitisha kura ya kuwalazimisha watengenezaji kutoa taarifa za ukarabati kwa mafundi huru, na mwaka 2020, kwa asilimia 75 hivi ya kura, wakaongeza taarifa zinazosafiri kwa mtandao. Watengenezaji wakaenda mahakamani. Wale ni wateja wa kwanza wa soko lile, na hata wao wamelazimika kupigana. Sisi tunaonunua gari likiwa na miaka saba au nane, lililotengenezwa kwa mtandao na lugha ya nchi nyingine, tumesimama wapi kwenye foleni hiyo?

Mimi naamini haibridi zitaendelea kuja, malori pia, kwa sababu mafuta hayashuki na Japani haiachi kuuza. Vyuo vyetu vya ufundi vikifundisha kusoma volti na kusoma makosa kwa mpangilio, fundi wa Tabata au wa Kariakoo atabaki na kazi yake na mwenye lori atabaki na hela yake. Vikiacha, tutakuwa tunabadilisha betri za mamilioni ili kutibu ugonjwa wa betri ya laki mbili tatu.

Naomba kuwasilisha. Anayeona nimepotoka, uwanja ni wake.